Harufu ya Kwanza si Ushahidi

Ndugu zetu Waislamu, suala letu la leo ni hili: mtu akitupendeza mara ya kwanza, je, twaweza kumtolea ushahidi kuwa ni mwema? Na tukijizuia kumshuhudia, je, tutakuwa tumemdhania vibaya? Jawabu yake tuitafute katika jambo tulijualo sote kila Ijumaa, nalo ni manukato.

Tuchukue manukato ya asumini, ua ambalo wake zetu hulitia katika kikuba. Muuzaji afunguapo kichupa cha manukato yaliyochanganywa kwa spiriti (na hukumu ya spiriti hiyo si mlango wetu leo), kitokacho kwanza si asumini. Ni spiriti yenyewe inayoruka, na mara nyingi pamoja nayo ni ukali wa ganda la limau au chungwa, uliotiwa ili umpendeze mnunuzi. Vitu vyepesi hutangulia kuruka, na vizito hukawia. Baada ya robo saa hivi ukali ule huondoka, ndipo ua likadhihiri. Saa kadhaa zikipita, ua nalo hufifia, ukabaki msingi: sandali, ambari au miski.

Wala si wakati peke yake. Ngozi nayo ina kazi yake. Ngozi yenye joto huirusha harufu upesi, yenye mafuta huishika, na iliyo kavu huipoteza. Kwa hiyo ndugu wawili hujipaka kichupa kimoja asubuhi, na jioni kila mmoja akanukia kwa namna yake. Ajuaye manukato hanunui kwa kunusa kifuniko. Hujipaka mkononi, akaenda zake katika shughuli, kisha akarudi dukani alasiri.

Sasa nitakiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita wazee wa binti mmoja walinijia kuniuliza khabari za kijana aliyeposa kwao. Nilikuwa nimemjua kwa siku chache tu, msikitini: safu ya mbele, sauti ya upole, ulimi mtamu. Nikasema, "Ni mtu mwema, mwozeni." Haukutimia mwaka, binti yule akarudi kwao, na alama za mkono wa mumewe zingali usoni. Babake hakunilaumu. Alinisalimu kama desturi yake, na salamu ile ilinichoma kuliko lawama. Mimi sikusema uwongo, lakini nilisema nisilolijua, na wao wakalichukua kuwa ni elimu.

Imepokewa kuwa mtu mmoja alimsifu mwenziwe mbele ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Mungu amwie radhi. Akamwuliza kama ni jirani yake, au amepata kuamiliana naye kwa fedha, au kusafiri naye. Mtu yule alipokana yote, Sayyidna Umar akamwambia kuwa hamjui. Ujirani, fedha na safari kwa tabia ya mtu ni kama joto la ngozi kwa manukato: huondoa kilichotiwa juu, kikabaki kilicho chini.

Huenda mtu akauliza: huku si kuwadhania watu vibaya? La. Dhana njema ni haki ya kila Mwislamu tangu siku ya kwanza, wala haingoji kitu. Ushahidi ni amana ya yule anayetuuliza, nao hungoja. Waweza kumkaribisha mgeni, ukamlisha, ukasali nyuma yake, na ukiulizwa juu yake ukasema, "Sijamjua bado," bila ya kumpunguzia heshima.

Wala kungoja si kuchungua aibu za watu. Wataalamu wa kemia wamekuta katika asumini yenyewe kitu kiitwacho indoli, ambacho kimo pia katika kinyesi. Na kwa kuwa ni kidogo, huikamilisha harufu ya ua wala hakiiharibu. Basi atafutaye uvundo ataupata hata katika asumini. Sisi twangojea kujua kipi kitakachobaki.

Kwa hiyo, wazee wenzangu, mkiulizwa khabari za mposaji, au za mshirika wa biashara, au za atakaye kuwaongoza watu, msione haya kusema, "Sijui." Neno hilo lingalimwokoa binti yule. Nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza kwa kuogopa kuonekana mchoyo wa sifa. Mwenyezi Mungu atusamehe, na atujaalie mwisho mwema. Amin.