Mwalimu na Mwanafunzi Wasioonana Uso

Katika vijiji vya ukingo wa ziwa Tanganyika si vigumu kumkuta mwalimu wa namna hii. Umri wake ni miaka thelathini na mitano. Ana diploma ya shule ya sekondari, anafundisha darasa la tano lenye watoto sitini, ana mke na watoto wanne na shamba la muhogo. Tamaa yake kubwa ni kusoma Chuo Kikuu. Lakini Chuo Kikuu kiko mbali na kijiji chake. Njia ni ndefu, nauli ni kali, na huko mjini atahitaji chumba cha kupanga na chakula cha miaka mingi. Akienda, watoto sitini watabaki bila mwalimu na shamba bila jembe. Asipoenda, atazeeka na diploma yake ileile. Siku moja anasikia kwamba viko vyuo vinavyofundisha kwa intaneti: mtu hukaa kwake, hupokea masomo katika simu, huandika majibu, huyarudisha, na mwisho hupewa cheti. Anafurahi sana. Lakini rafiki yake, mtu mwenye busara, anamwambia: “Angalia, ndugu yangu, hiyo si shule. Hiyo ni kununua karatasi.”

Nani kati yao anasema kweli? Na vyuo vyenyewe, je, vinafanya vema kuongeza mafundisho hayo ya mbali, au heri viyaache? Swali hili si la wakubwa wa vyuo peke yao. Ni swali la haki, maana linauliza mwenye elimu ana deni gani kwa mtu asiyeweza kufika mlangoni pake.

Kwanza, asidhani mtu kwamba kufundisha kwa mbali ni jambo lililozaliwa na simu. Wakatekumeni wanajua kwamba Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwa barua, naye akiwa mbali nao; wanajua pia kwamba hakuridhika na barua, bali alimtuma Timoteo aende kwao. Huko Uingereza, mwaka 1840, mtu mmoja jina lake Isaac Pitman alianza kufundisha hati ya mkato kwa njia ya posta. Mwanafunzi alipokea somo, akaliandika kwa hati ile, akalirudisha. Pitman akalisahihisha, akampelekea tena. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikawafungulia mitihani yake hata watu wasiokaa katika vyuo vyake. Basi chombo kimebadilika tu. Zamani ilikuwa karatasi na meli, kisha redio, leo ni intaneti. Lakini tazameni vizuri kazi ya Pitman. Kilichoifanya iwe shule si karatasi iliyokwenda, bali karatasi iliyorudi, yenye alama za kalamu ya mwalimu.

Njia hiyo imewasaidia watu ambao mlango mwingine ulifungwa kwao kabisa. Nelson Mandela wa Afrika ya Kusini alifungwa gerezani mwaka 1962, akatoka mwaka 1990. Ndani ya miaka hiyo aliendelea kusoma sheria kwa posta, ingawa kwa muda wa miaka minne wakubwa wa gereza walimnyima ruhusa ya kusoma. Mwaka 1989, akiwa bado mfungwa, alipata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Kusini, ambacho tangu mwaka 1946 kilikuwa kinafundisha kwa posta. Kama chuo kile kingalisema, “Asiyeweza kuketi kwenye benchi letu hana haki ya kusoma,” neno hilo lingalimfungia mfungwa gereza la pili.

Mfano mwingine ni wa majirani wa ng'ambo ya ziwa, nao unamhusu mwalimu wetu zaidi. Mwezi wa Novemba 1974, katika mkutano wa Musoma, wakubwa wa Tanzania walikata shauri kwamba kabla ya mwisho wa mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule apate nafasi darasani. Neno jema, lakini walimu watoke wapi? Vyuo vya ualimu havikutosha hata kidogo. Basi wakawachukua vijana waliomaliza shule ya msingi, wakawaweka shuleni. Vijana hao walifundisha saa chache kwa siku, na saa nyingine walijifunza wenyewe kwa masomo yaliyoletwa kwa posta na kwa redio. Wakufunzi walikaa karibu nao, wakiwatazama na kuwasahihisha, na mwisho walikaa chuoni kwa muda mfupi kabla ya mtihani. Kwa njia hiyo Tanzania ilipata walimu makumi ya elfu ndani ya miaka michache. Wengine walisema kwamba walimu hao ni wa haraka haraka, na huenda palikuwa na ukweli katika neno hilo. Lakini mtoto aliyejifunza kusoma na kuandika mbele ya mwalimu wa haraka haraka hakubaki gizani kumngojea mwalimu kamili. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1992, nchi hiyo ilianzisha Chuo Kikuu Huria, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994. Makao yake makubwa ni Dar es Salaam, lakini kina vituo mikoani, na kimoja kiko Kigoma, ng'ambo ya maji tu.

Hapo ndipo haki inapoonekana. Chuo cha serikali hujengwa kwa mali ya nchi nzima. Mama auzaye samaki sokoni hulipa ushuru wake, na mkulima hulipa wake. Mlango wa chuo ukiwa mwembamba kwa sababu masomo ni magumu, hakuna wa kulalamika. Ukiwa mwembamba kwa sababu ya nauli tu, wale waliolipia nyumba wamefungiwa nje. Na wanaofungiwa nje si wavivu. Mara nyingi ndio wale wenye wajibu mkubwa kuliko wengine: mama mwenye mtoto mgongoni, muuguzi aliye peke yake katika zahanati, mwalimu mwenye watoto sitini. Kijana asiye na mtu wa kumtunza huenda mjini bila kujiuliza mara mbili. Je, ni haki elimu iwe zawadi ya yule asiye na mzigo?

Hata hivyo rafiki wa mwalimu si mjinga, naye lazima asikilizwe.

Yeye anasema: darasani mwalimu huona macho ya mwanafunzi. Akiona yamefumba, hurudia somo. Akiona mmoja ana huzuni, humwita kando baada ya kengele. Simu haina macho hayo. Plato, mwenye hekima wa Ugiriki ya kale, alikwisha kulalamika hivyo juu ya maandishi: ukiyauliza maandishi, hayajibu, hurudia neno lilelile daima. (Lakini na yeye aliyaandika malalamiko hayo katika kitabu, ndiyo sababu yanajulikana hata leo.) Tena rafiki anaweza kuleta ushahidi wa siku zetu. Tangu mwaka 2012 vyuo vikubwa vya Marekani vilifungua masomo mengi katika intaneti kwa watu wote wa dunia, bure. Wengi walisema kwamba sasa maskini ameshinda. Watu wakajiandikisha kwa mamilioni. Hesabu za masomo ya mwaka 2017 na 2018 za vyuo viwili mashuhuri zilionyesha kwamba katika kila watu mia waliojiandikisha, walioyamaliza ni watatu hivi, na wanafunzi wengi walitoka katika nchi tajiri. Mlango ulikuwa wazi, lakini ndani hapakuwa na mtu wa kumpokea mgeni.

Tena mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga shule duniani pote, serikali nyingi zilisema watoto wasome nyumbani kwa redio, televisheni na intaneti. Shirika la UNICEF lilihesabu kwamba watoto wasiopungua milioni 463 hawakufikiwa na somo lolote. Kwetu Kongo ni kama mtu mmoja tu katika watano aliye na umeme. Mwanafunzi wa kijijini hupanda kilima kutafuta mawimbi ya simu, hulipa kabla ya kusoma hata ukurasa mmoja, na betri ikizimika humlipa mwenye mashine ya jua ili amchajie. Anayesema kwamba intaneti haina umbali hajapanda kilima hicho.

Basi, je, rafiki ameshinda? Hapana. Ushahidi wake ni wa kweli, lakini hukumu aliyoitoa haitoki ndani yake. Waliosoma Tanzania walikuwa mbali na chuo, wakafaulu kwa wingi. Waliojiandikisha katika masomo ya bure walikuwa mbali vilevile, wakapotea kwa wingi. Umbali ni uleule. Tofauti ni kwamba wale wa kwanza walikuwa na mtu aliyejua majina yao, aliyesoma daftari zao, aliyeuliza kwa nini wiki hii hawakuleta jibu. Wale wa pili waliachwa peke yao na somo. Kumfundisha mtu kwa mbali si kosa. Kosa ni kumwandikisha, kisha kumsahau.

Na hapa vyuo vinaingia katika kishawishi kikubwa. Mwanafunzi wa mbali hahitaji kitanda, wala benchi, wala choo. Akiongezeka mmoja, chuo hakioni taabu. Wakiongezeka elfu, chuo huona faida. Ni rahisi sana kupokea ada za watu elfu na kuwawekea wasahihishaji wawili. Chuo kifanyacho hivyo ni kama mganga apokeaye kuku wa mgonjwa kisha asiingie nyumbani kumtazama. Wala tusidanganyike na sifa ya kuwasaidia maskini. Ikiwa watoto wa matajiri watabaki darasani na mwalimu, na watoto wa maskini watapewa simu bila mwalimu, hapo hatukufungua mlango. Tumejenga mlango wa nyuma tu.

Kuna mafundisho mengine ambayo hayawezi kwenda yote kwa intaneti, hata wasahihishaji wawe wengi. Mkunga hujifunza kwa mikono yake, mbele ya mkunga aliyemtangulia. Fundi seremala vilevile. Wao wanaweza kusoma vitabu vyao nyumbani, lakini lazima iwepo siku ya kusimama mbele ya bwana wa kazi. Habari ya wizi wa mitihani haihitaji maneno mengi: mtihani ufanyiwe kituoni, mbele ya msimamizi, na mwanafunzi aonyeshe kitambulisho chake.

Kwa hiyo vyuo viongeze mafundisho ya mbali, ndiyo, hata ni wajibu wao. Lakini kipimo cha kuongeza kisiwe wingi wa wanaotaka kulipa. Kipimo ni wingi wa walimu walio tayari kusoma na kujibu. Chuo chenye walimu kumi kisipokee wanafunzi ambao hata walimu mia wasingeweza kuwasahihisha, ijapokuwa watu wamejipanga mlangoni na fedha mkononi.

Na mwalimu wetu wa kando ya ziwa afanye nini? Asitupe tamaa yake, wala asilipe leo. Amwandikie kwanza mkuu wa masomo wa chuo kile, amwulize: Nani atasahihisha kazi yangu, na jina lake ni nani? Nitangoja siku ngapi kabla ya jibu? Mtihani utafanyiwa wapi, na nitavuka kwa mashua au kwa gari? Serikali yangu inakitambua cheti chenu? Mawimbi yakipotea juma zima, je, nitaweza kupata masomo yaliyopigwa chapa? Kisha angoje. Akijibiwa kila swali na mtu mwenye jina, auze magunia mawili ya muhogo alipe ada. Ikipita miezi miwili bila neno, basi ameona jinsi watakavyomjibu siku atakapokuwa mwanafunzi wao.