Sarafu za Tembo

Somo: Kumbukumbu la Torati 25:13–16, Mathayo 27:3–10.



Wazee wa usharika mmoja wa huku Kyerwa wameniomba niandike juu ya neno lililowafadhaisha. Mwenzao mmoja, mtu mwaminifu na mwenye umri, aliuza ng'ombe wawili kwa mgeni apitaye njia. Mgeni hakuwa na fedha ya kutosha, akampa sarafu tatu za manjano zenye sura ya tembo, akisema, Hizi ni dhahabu ya zamani ya Wadachi. Moja yapita thamani ya ng'ombe. Mzee akazipokea kwa furaha, kwa kuwa alitaka kulipa ada ya shule ya mjukuu wake. Alipozipeleka Bukoba kwa fundi wa dhahabu, fundi akazitia katika mizani, akakwaruza ukingo wa moja, akamrudishia kimya. Ni shaba iliyopakwa dhahabu juu.

Basi wazee waniuliza: Azifanyeje?

Yafaa kwanza kujua sarafu hizo zilikuwa nini. Katika mwaka 1916 Wadachi walikuwa wamezungukwa na adui pande zote, wala fedha haikuweza kuwafikia kutoka Ulaya. Hapo wakapiga sarafu zao wenyewe Tabora, katika karakana ya reli. Dhahabu ilitoka machimbo ya Sekenke, kule Iramba. Kila sarafu ilikuwa ya rupia 15: upande mmoja tembo na milima nyuma yake, upande wa pili tai wa Kaisari, uzito wake gramu 7 na kidogo, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu safi. Zilipigwa kama 16,000 tu, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wabelgiji wakaingia Tabora. Baada ya vita rupia ikaondolewa, na shilingi ikashika mahali pake. Kwa kuwa zilikuwa chache na nzuri, watu wakusanyao sarafu huzitafuta kwa bei kubwa hata leo. Na penye kitu kitafutwacho, mwongo naye hufika. Sarafu za tembo za uongo zimeenea sana.

Lakini tazameni ajabu. Karakana ile ile ya Tabora ilipiga pia sarafu za shaba, za heller 20 na za heller 5, wakitumia shaba waliyoweza kuipata wakati wa shida, hata maganda ya mizinga. Wala hakuna aliyedanganywa nazo. Zilikuwa shaba, zikasema kwamba ni shaba. Basi shaba haina hatia. Hata hazina ya wafalme wa Karagwe kule Bweranyange ilikuwa na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma, na chuma kile hakikujiita dhahabu. Hatia imo katika jina ambalo mtu amekipa kitu.

Watu wa Kyerwa wachimbao bati walijua neno hili kabla yangu. Jiwe la bati ni jeusi, na mawe meusi ni mengi. Mchimbaji huliweka katika kiganja na kusikia uzito wake. Vivyo hivyo dhahabu. Dhahabu ya Tabora ni nzito karibu mara mbili kuliko shaba ya manjano yenye ukubwa sawa. Hivyo mwenye kuiga kwa shaba hana budi kuchagua: ama sarafu yake iwe nyepesi, ama iwe nene kupita kiasi. Yule mzee angaliweka sarafu ile katika mizani kabla ya kuwaachilia ng'ombe, asingalilia. Nayasema haya si kwa kumlaumu, maana mimi pia ningaliweza kuipokea. Tembo yule ni mzuri sana.

Sasa, azifanyeje? Wazee walitoa mashauri, nami nitayajibu.

Mmoja alisema: Alipewa, na ampe mwingine, mwenye macho ataona. Shauri hili halihitaji maneno mengi. Torati yasema mtu asiwe na mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, moja zito na moja jepesi. Nanyi mliojifunza Katekisimo mwakumbuka maelezo ya Luther juu ya amri ya saba: bidhaa ya uongo yahesabiwa pamoja na wizi wa mkono. Na sheria ya nchi nayo yamhukumu mtu ajipatiaye mali kwa udanganyifu. Siku aliyopewa, yule mzee alikuwa mtu aliyeibiwa. Siku atakayompa mwingine huku akijua, yeye ndiye mwizi.

Wa pili alisema: Azilete katika mnada wa mavuno. Shauri hili lanisumbua zaidi, kwa kuwa alilitoa mtu mwema. Mwajua desturi yetu: sadaka za shamba zikiisha kubarikiwa, mkungu wa ndizi, kuku, kibaba cha maharage, vyote huuzwa nje ya kanisa, na mtu huweza kununua yai kwa bei ya kuku, kwa upendo wa nyumba ya Mungu. Hivyo, asema ndugu yetu, hakuna atakayepunjwa, maana hakuna anunuaye kwa faida. Nami najibu: sarafu ile itatoka kanisani ikiwa na ushuhuda wa kanisa. Aliyeinunua akifa, watoto wake watasema, Baba aliipata kwa mchungaji, haikosi kuwa dhahabu. Wataiuza kwa neno letu. Tena, mfalme Daudi alikataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu, na Malaki aliwakemea walioleta mnyama kipofu madhabahuni. Heri yai moja.

Wa tatu alisema: Azifukie chini ya migomba. Akamtaja Yakobo, aliyeifukia miungu migeni chini ya mwaloni kule Shekemu. Walakini shamba hulimwa. Mjukuu ataichimbua na kushangilia, na uongo utaanza safari upya. Napenda zaidi alivyotenda Musa na ndama ile: aliichoma, akaisaga hata ikawa unga, asibaki hata ukwato wa kuabudiwa.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Azipeleke sarafu zote tatu polisi, aeleze sura ya mgeni, siku, njia aliyoifuata na rangi ya ng'ombe, kwa kuwa labda yuko mtu Karagwe au ng'ambo ya mto Kagera anayeoneshwa tembo wale sasa hivi. Na kama zikirudishwa kwake, fundi azikate vipande kwa tindo mbele ya mashahidi. Asione haya. Haya ya mtu aliyedanganywa ndiyo nyumba alalamo mdanganyifu.

Nilidhani nimemaliza hapa. Lakini nilipokisoma tena kisa cha Mathayo, moyo ulinichoma. Yuda alivirudisha vipande 30 vya fedha, akakiri dhambi yake. Wakuu wa makuhani wakamjibu kwamba hayo si juu yao. Kisha wakakaa kufanya shauri juu ya fedha: je, ni halali kuitia katika hazina? Wakashauriana vema, wakanunua shamba la mfinyanzi, nalo likafaa kuzikia wageni. Mambo ya fedha waliyaweka sawasawa. Mtu waliyemwacha aende zake alikuwa amekwisha kujinyonga.

Ndugu zangu, barua yenu ina kurasa nne, na zote zasema juu ya sarafu. Sikuona mstari mmoja juu ya ada ya yule mtoto. Ng'ombe wawili wamekwenda. Yule mzee, nasikia, hakufika ibadani Jumapili mbili, kwa sababu vijana walimwita Bwana Dhahabu. Je, ninyi wazee mmemwendea nyumbani?

Na neno jingine, ingawa hamkuniuliza. Msimu wa kahawa umekaribia. Yuko atakayechanganya mbichi na kavu ili gunia liwe zito. Yuko mwenye fedha anunuaye butura, kahawa ingali mtini, kwa jirani mwenye njaa, akimpa sehemu ndogo ya bei yake, na Jumapili ataketi karibu na madhabahu. Huyo hahitaji kupaka shaba rangi.

Nimemwandikia mwalimu wa usharika aulize shuleni ni kiasi gani kimepungua katika ada ya mtoto. Mimi nimeweka mikungu miwili ya ndizi kwa ajili yake. Mnada wenu ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, nami nimeomba vitu vitakavyoletwa kwa jina la mtoto huyo viuzwe kwanza, kabla ya kuku.