Mgeni Kwenye Kigoda

Watu wana desturi ya kumgawa binadamu mafungu kama nyama ya sokoni. Sisi Waswahili tunalo neno chotara, na wazee wa pwani walikuwa na suriama. Wajapani wanalo lao, hafu, walilolitohoa kutoka Kiingereza, na maana yake ni nusu tu. Mwaka 2015 binti mmoja, Ariana Miyamoto, ambaye mama yake ni Mjapani na baba yake Mmarekani mweusi, alichaguliwa kuwa mrembo wa Japani katika mashindano ya dunia. Wapo walionung'unika kwamba nusu haiwezi kusimama mahali pa nzima. Wazazi wengine huko, kwa kuudhika na neno hilo, wamependelea kuwaita watoto wao daburu, yaani mara mbili. Mimi hesabu za namna zote mbili zinanitatiza. Nusu ni ya embe. Mtu akiumwa jino haumwi nusu.

Lakini swali ninalotaka kulifikiria hapa si la damu peke yake. Ni la wimbo. Mtu ana haki gani ya kuimba kwa lugha ambayo mama yake hakumbembelezea? Na je, haki hiyo hutoka kwenye damu au hutoka kwingine?

Wanaotetea damu wanao mfano mzuri, nami nitawapa kabla hawajauomba. Mwanamuziki aitwaye Jero alizaliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1981. Ni mtu mweusi kwa kumtazama, ila bibi yake alikuwa Mjapani, na bibi huyo ndiye aliyemlea katika kusikiliza enka, zile nyimbo za huzuni za Wajapani zinazohusu bandari, baridi, pombe na mapenzi yaliyopotea. Mwaka 2008 alitoa wimbo wake wa kwanza, Umiyuki, akiwa amevaa kofia na nguo za vijana wa mitaa ya Marekani, akaimba Kijapani sawasawa, na wazee wa Kijapani wakafuta machozi. Alikuwa amemwahidi bibi yake kwamba siku moja ataimba katika tamasha kubwa la redio na televisheni la kufunga mwaka. Bibi alifariki mwaka 2005. Mjukuu akalifikia jukwaa hilo mwishoni mwa 2008. Basi watu wakasema: mnaona, damu haipotei!

Nami nauliza, kama ni damu iliyoimba, mbona maelfu ya Wajapani wenye damu yote hawawezi kuimba enka hata wakilipwa? Aliyeimba ni mtoto aliyekaa sakafuni kwa bibi yake akasikiliza.

Sasa tuwatazame wawili wasio na hata tone la damu yetu. Wa kwanza ni Sakaki Mango, mtu wa Kagoshima, kusini mwa Japani. Alijifunza Kiswahili chuoni Osaka, kisha akaja Tanzania kujifunza ilimba kwa Hukwe Zawose. Msomaji wa rika langu hahitaji kuambiwa Hukwe ni nani. Ni yule Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1938, ambaye sauti yake ilipanda kama ya mtoto na kushuka kama ya fahali, akafundisha Bagamoyo kwenye Chuo cha Sanaa, na akazunguka dunia na zeze na ilimba mpaka alipofariki Desemba 2003. Japani walimpenda mapema, na aliwapigia zaidi ya safari moja.

Wa pili ni mwanamke, Eriko Mukoyama, ambaye Wajaluo wamempa jina la Anyango, aliyezaliwa jua likiwa linapanda. Katikati ya miaka ya 2000 alikwenda Siaya, Kenya, kujifunza nyatiti kwa mzee Okumu Orengo. Nyatiti ni chombo cha nyuzi nane. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, avae njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na kwa pete ile hugonga ubao wa chombo huku mikono ikicheza na nyuzi na kinywa kikiimba. Ni kazi ya watu watatu inayofanywa na mmoja. Kwa desturi ilikuwa ya wanaume. Mzee hakumkubali mara moja. Anyango akakaa kijijini, akafanya kazi za nyumbani kama binti yeyote wa pale, hata akaruhusiwa kukalia kigoda. Leo huimba Kijaluo, Kiswahili, Kijapani na Kiingereza katika onyesho moja.

Neno kigoda linanirudisha nyumbani. Huku Ufipa tunasimulia kwamba mtawala wa kwanza, Ntatakwa, aliketi Milanzi. Siku moja, yeye akiwa mawindoni, wakatokea wanawake wageni kutoka mbali. Zipo namna kadhaa za kulisimulia jambo hili, lakini zote zinakutana hapa: aliporudi alikuta mgeni ameketi kwenye kiti chake. Utawala ukawa wa uzao wa wageni, Watwa, ambao baadaye ukagawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile, na Milanzi ikabaki na heshima ya kale na mambo ya mizimu. Hatukuwafukuza wale wanawake. Leo hakuna Mfipa anayejua kupembua ndani yake mwenyewe ni kiasi gani cha Milanzi na kiasi gani cha wageni. Wote tunalima vilima vilevile vya intumba na kula ugali wa mahindi, zao lililotoka mabara ya Amerika likaja kuufunika ulezi wa babu zetu, na hakuna anayeuita ugali huo chakula cha kuazima.

Kuna tofauti moja, hata hivyo, na kwangu ndiyo yenye uzito. Wale wa Milanzi waliketi kwanza. Anyango alichota maji kwanza. Naona haki ya wimbo inapatikana hapo, katika kukubali kuwa mdogo mbele ya mwenye nao. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam 1978 akiwa mtu mzima, akatuimbia Kiswahili cha mnyonge kwa namna ambayo wengi waliozaliwa nacho hawakuithubutu. Alifariki 2010, na kule Sinza kituo cha basi kinaitwa Kwa Remmy. Nani atamwambia alikuwa mgeni katika Kiswahili?

Hapa kijana wangu mmoja niliyemfundisha, sasa naye mwalimu, alinikatiza tulipokuwa tunazungumza. "Mzee," akasema, "unasahau nauli." Ana haki. Mjapani anaweza kuja Siaya au Dodoma akakaa. Mtoto wa Siaya hawezi kwenda Tokyo akakaa kwa fundi wa shamiseni akifua nguo zake mpaka akubaliwe. Unyenyekevu wa mwenye tiketi ya kurudi si sawa na unyenyekevu wa asiye na pa kwenda. Nakubali.

Na lipo zito zaidi, ambalo yeye hakulitaja. Binti wa Kijaluo aliyezaliwa nyumba ya pili kutoka kwa mzee, aliyeisikia nyatiti tangu tumboni, alikuwa amekatazwa kuigusa. Mgeni akafunguliwa mlango. Je, hiyo ni haki? Najua majibu yanayotolewa: mgeni ni kuku mweupe, na kosa lake halihesabiwi katika ukoo. Lakini desturi inayolegea mbele ya mgeni na kukaza mbele ya binti yake mwenyewe imeshakiri kwamba haikuwa inalinda kitu kitakatifu. Ilikuwa inalinda zamu ya wanaume. Lawama hiyo simtupii Anyango hata kidogo. Yeye aliomba akapewa. Namuuliza aliyetoa.

Kwa Wagogo nako ilikuwa karibu hivyo. Wanawake walipiga muheme, wakacheza, wakaitikia. Zeze na ilimba vikawa mikononi mwa wanaume. Mjapani alirudi kwao na ilimba yake zamani. Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, walitoa albamu yao ya kwanza, Maisha, mwaka 2024, wakiitwa Zawose Queens, wakiimba na kupiga wenyewe. Miaka zaidi ya 20 tangu mzee afariki! Nimewasikiliza kwenye simu ya mjukuu wangu. Wanapiga kama watu waliokuwa wakijua siku zote.

Narudi kwa Sakaki, kwa sababu alichofanya baadaye ndicho kilichonifanya nikae kuandika. Baada ya kuimba kwa lugha zetu, aligeukia lahaja ya kwao Kagoshima, ambayo Mjapani wa Tokyo haielewi kabisa, akaiimba juu ya ilimba. Akachukua pia gottan, kinanda cha mbao cha nyuzi tatu cha wakulima wa huko, kilichokuwa kinasahauliwa. Yaani alipita Dodoma ili afike kwa bibi yake.

Ikumbukwe kwamba Japani nayo iliziadhibu lugha za nyumbani. Katika visiwa vya Okinawa, mtoto aliyesema lugha ya kwao shuleni alivikwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amkamate mwenzake. Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini. Katika shule moja niliyosoma nikiwa mdogo kulikuwa na kibao cha namna hiyohiyo, kwa kosa la kusema Kifipa, na sheria ilikuwa hiyohiyo ya kumtafuta mwenzako umvishe. Nani alimfundisha nani? Hakuna haja ya mwalimu katika mambo kama haya.

Matokeo yapo mbele ya macho yetu. Hapa Sumbawanga kuna vijana ambao damu yao yote, pande zote nne, ni ya Ufipa. Kwa hesabu ya damu wao ni nzima, si nusu wala robo. Waambie waimbe wimbo mmoja wa kusaga ulezi. Watakuimbia bongo fleva, na watakuimbia Kilingala wasichokielewa neno, nami siwalaumu kwa hayo, maana muziki mzuri ni muziki mzuri. Haki ya kuimba Kifipa wanayo kamili. Wameirithi kama shamba la mbali ambalo hawajui njia yake.

Yupo mama mmoja upande wa Milanzi, mwenye umri kunizidi, ambaye bado anazo nyimbo hizo. Nilimwendea mwaka huu nikamwomba awaimbie wanachuo wachache, wao wazirekodi. Alinitazama kwa muda, akauliza kama mikono yao imezoea kazi. Nikamwambia ni wanafunzi. Akasema sawa, waje, lakini waje Novemba, na kila mmoja aje na jembe lake.