Ni Nani Afundishwaye Subira?

Kila mtu huisifu subira, hasa subira ya mwenzake. Mdaiwa humwomba mdai wake awe nayo. Mzee humwagiza kijana. Mwenye duka humhimiza mnunuzi. Walakini ni wachache waonao ya kuwa neno hili lawapasa wao wenyewe. Kwa hiyo tumeona yafaa kuuliza subira ni nini, na jinsi mtu awezavyo kujizoeza nayo katika mambo ya kila siku.

Wengine hudhani ya kuwa kusubiri ni kukaa tu, mikono magotini. Hao na waje kwetu Itungi, wawatazame abiria wa ziwani. Tangu zama za MV Songea na MV Iringa, hata hii MV Mbeya II iliyoanza kazi mwaka 2021, aendaye Lupingu, Manda au Mbamba Bay amezoea kungoja. Upepo wa kusini ukivuma kwa nguvu Nyasa huchafuka, wala hakuna agombanaye na mawimbi akashinda. Lakini katika watu wale wale wangojao, mmoja hutukana, akampiga mtoto kwa ajili ya uji uliomwagika. Mwingine huufunga upya mzigo wake uliolegea, akamwuliza mgonjwa aliye karibu naye kama amekwisha kunywa maji. Saa walizongoja ni sawasawa, bali subira yao si moja.

Mwalimu naye anayo bandari yake, nayo ni mtoto asomaye kwa kukwamakwama. Neno li karibu kutoka, na ulimi wa mwalimu wawasha kulisema. Akimwacha mtoto alimalize mwenyewe, wote wawili wamejifunza kitu.

Lakini katika wilaya ya Kyela hakuna shule ya subira iliyo kuu kuliko shamba la kakao. Mche hukaa miaka mitatu hata mitano ndipo uzae, nao hukulia katika kivuli cha migomba. Ua likishika, tunda hutaka miezi mitano au sita kuiva. Likiisha kupasuliwa, mbegu hufunikwa kwa majani ya migomba, au hutiwa katika sanduku la mbao, siku tano hata saba, zipate joto na kuchachuka. Tena sharti zigeuzwe, zisichachuke upande mmoja tu. Kisha huanikwa juani, na mvua ya Kyela haina adabu: haibishi hodi. Mwanikaji hulitazama kila wingu kama mtu atazamaye mwizi. Huyo ndiye mwenye subira, na tazameni jinsi asivyopata nafasi ya kuketi!

Hapa ndipo penye jambo gumu. Wako watu wanunuao kakao ikali mbichi, kwa biashara iitwayo njemke. Bei yake huwa ya chini, na wakuu wa serikali wameikataza. Afuataye njia ya ghala huipeleka kakao kavu katika chama cha ushirika, akapewa stakabadhi, akangoja mnada na malipo. Basi wengi husema ya kuwa auzaye mbichi ni mtu asiye na subira. Je, ndivyo? Yuko auzaye ili apate pombe, huyo hatumtetei. Lakini mama ambaye mtoto wake ana homa usiku huu, ataiambiaje homa ingoje mnada? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na ni vyepesi sana kwa mtu wa mshahara, ajuaye tarehe ya fedha yake, kumhubiri mtu wa shamba.

Twapenda kumtaja Ayubu. Na tuzisome tena habari zake. Ayubu hakunyamaza, alilia, aliuliza, alibishana, wala hakuacha kuitwa mtu wa subira. Na rafiki zake je? Walipoketi naye chini siku saba bila kusema neno, walimfaa. Walipofumbua vinywa vyao na kumfundisha, ndipo walipomzidishia mzigo. Sisi twadhani wangalifanya vema kuketi siku ya nane pia.

Kwa hiyo, kabla ya kumwambia mtu asubiri, twapaswa kutazama nyumbani mwetu kama hamna kitu kiwezacho kumwezesha kusubiri. Kumwagiza mhitaji subira na huku tumefunga ghala letu si mafundisho. Ni kumfukuza mlangoni kwa maneno laini.

Katika kitongoji kimoja cha huku tuliona mtu akimkopesha jirani yake, mjane, fedha ya dawa mpaka siku ya mnada, bila riba. Mjane yule hakuuza mbichi. Akaigeuza kakao yake mpaka siku ya sita, akaianika. Mvua ilipokuja mchana, naye yuko zahanati na mtoto, watoto wa jirani walitoka mbio na maturubai, wakaifunika.