Deni la Mchongaji kwa Mchoraji wa Gereji

Jiji la Nairobi halikai na sura moja. Mwaka 2004 serikali ilitaka kila matatu iwe na mstari wa manjano, na michoro mingi iliyozipamba ikafutwa. Mwaka 2014 agizo la Rais likairuhusu tena. Ni matatu hizo ambazo Dennis Muraguri huzichonga kwenye mbao, akazipaka wino na kuzipiga chapa karatasini. Swali la kimaadili linaloibuka ni hili: msanii wa jumba la maonyesho ana haki gani juu ya urembo uliobuniwa kwanza na wachoraji wa gereji, ambao aghalabu hawatajwi?

Hoja ya wizi haitoshi. Katika fasihi simulizi, fanani huirithi hadithi bila kumnyang'anya aliyemtangulia; kosa lake huanza anapomkana. Mchongaji naye, ili maandishi ya matatu yasomeke karatasini, hana budi kuyachonga kinyume, herufi kwa herufi. Subira hiyo ni namna ya kukiri deni. Hata hivyo, kukiri si kulipa. Malipo yatuhusu sisi wahakiki pia: tumwite mchoraji wa gereji msanii, kabla kazi yake haijafutwa tena.