Kabla Hujatuma Maombi ya Kusomea Upasuaji



Vijana wapendwa, tafakari ya leo naielekeza kwa kundi dogo kati yetu, madaktari vijana. Umemaliza miaka mitano ya chuo na mwaka wa utarajali, sasa uko kazini, na moyoni unautaka ubingwa wa upasuaji wa jumla. Fomu iko wazi kwenye kompyuta. Umejaza yote, umekwama pale pa kujieleza: kwa nini unataka kuwa daktari wa upasuaji? Ninyi wengine msiondoke. Swali hilo mtaulizwa pia, iwe ni seminari, ualimu au ndoa.

Njia zenyewe unazijua. Wapo wanaoomba shahada ya uzamili Muhimbili, KCMC Moshi, au Bugando kule Mwanza, kwenye chuo cha maaskofu wetu. Wengine wanapitia COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha. Huko unajifunza ukiwa kazini, katika hospitali iliyoidhinishwa: miaka miwili hadi mtihani wa uanachama, kisha mitatu ya ubingwa wa upasuaji wa jumla. Kwa vyovyote ni safari ndefu, na safari ndefu haianzwi bila kupiga magoti.

Huku kwetu Mbinga swali hilo lina uzito wake. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilisema watu bilioni tano duniani hawafikiwi na upasuaji salama wanaoumudu. Ikataja huduma tatu za kupimia hospitali: kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukachomoza nje. Mtu awe amefika panapofanyika hayo ndani ya saa mbili. Jamani, hebu zipime hizo saa mbili ukiwa kijiji cha mwambao wa Nyasa, usiku, masika, ziwa limechafuka na bodaboda ndiyo gari la wagonjwa. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay imetusaidia sana, tumshukuru Mungu, ila si kila kijiji kiko kando ya lami. Litembo kule milimani, Peramiho kwa Wabenediktini na Liuli kwa ndugu zetu Waanglikana wamebeba mzigo huu miaka mingi. Na katika hospitali nyingi za wilaya nchini, kisu kimeshikwa na madaktari wasaidizi ambao hakuna anayewaita mabingwa. Ukienda kuutafuta ubingwa, usimdharau aliyekufundisha kufunga uzi.

Sasa, utajuaje kama hamu yako inatoka kwa Mungu?

Mtakatifu Inyasi wa Loyola anatusaidia, na yeye alimjua daktari wa upasuaji kwa maumivu yake mwenyewe. Mwaka 1521 kule Pamplona, Hispania, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Ukaungwa vibaya, ukavunjwa tena ili uungwe upya. Mfupa ukabaki umechomoza chini ya goti, naye akataka ukatwe, kisa mguu ulikuwa haupendezi! Wakati huo hakuna dawa ya usingizi. Akiwa kitandani aliota ndoto za aina mbili: sifa za kijeshi, na kuishi kama watakatifu aliokuwa akisoma habari zao. Zote zilimfurahisha. Ila za kwanza zikiisha zilimwacha mkavu, na za pili zikiisha furaha ilibaki. Akaanza kuisikiliza tofauti hiyo, na humo ndimo yalimochipuka mafundisho yake ya kupambanua roho.

Fanya hivyo hivyo. Kaa kimya mbele ya Ekaristi, ujione umeshapata ubingwa. Picha ya kwanza: jina lako lina cheo, una kliniki mjini, ukifika kijijini watu wanasimama. Picha ya pili: saa nane usiku, mzee wa Lituhi, tumbo gumu kama ubao, jenereta inakohoa, na wewe ndiye uliyepo. Usijilazimishe kuipenda ya pili. Angalia tu, baada ya nusu saa, ni ipi imekuacha na amani. Na kutaka mshahara mzuri si dhambi, tusidanganyane. Daktari naye ana watoto, na Bodi ya Mikopo inamsubiri.

Wengine tatizo lao ni kinyume. Hawaombi kabisa, kwa kuwa kila wakifikiria kuondoka wanajiuliza nani atabaki na wodi. Hilo ni jambo la upendo, ila soma Kutoka sura ya 18. Musa alikuwa akiamua kesi za watu wote peke yake kutwa nzima, na mkwewe Yethro akamwambia waziwazi kwamba atachoka yeye na watu wake. Dawa ilikuwa kuandaa wengine. Bingwa mmoja akirudi anafundisha, na wodi haimtegemei mtu mmoja tena. Nimesema akirudi. Kama mwajiri anakupa ruhusa ya masomo na ufadhili kwa mkataba wa kurudi, usiusaini huku moyoni umeshahamia kwingine. Kama hujui utarudi, mwambie hivyo mganga mfawidhi kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Na ukweli uanze kwenye fomu yenyewe. Maelezo usiyanakili mtandaoni. Kwenye orodha ya operesheni, kama ulishika tu vifaa vya kupanua kidonda wakati mwenzako akipasua, andika ulisaidia. Usiandike ulifanya. Amri ya nane haina likizo wakati wa maombi ya masomo. Usaili unaweza usikugundue, lakini siku utakapoachiwa mgonjwa kwa sababu ya ile orodha, atakayelipa ni yeye.

Halafu jibu linaweza kuwa hapana. Nafasi ni chache, na wazuri wanaachwa pia. Katika Matendo sura ya 16, Paulo alitaka kuhubiri Asia, Roho akamzuia. Akajaribu Bithinia, akazuiwa tena. Akaishia Troa, akaona njozi ya mtu wa Makedonia. Angalia aya ya 10: ghafla mwandishi anaanza kusema “sisi”. Mapokeo yanatuambia mwandishi huyo ni Luka, na Paulo anamwita tabibu mpendwa. Yaani ni pale milango ilipofungwa ndipo daktari alipojiunga na safari. Kwa hiyo ukikosa mwaka huu, rudi wodini, omba kusimamiwa kwenye ngiri na upasuaji wa uzazi, andika daftari lako vizuri, uombe tena.

Kabla ya kutuma, soma Yoshua bin Sira 38, aya 1 hadi 15. Anasema tabibu naye humwomba Bwana.

Tuombe. Ee Mungu, umtazame kijana anayejaza fomu usiku huu, na mwalimu atakayeisoma. Umtazame pia mama aliye mwambaoni sasa hivi akisubiri usafiri, na mikono itakayompokea, yenye cheo au isiyo nacho. Watakatifu Kosma na Damiani, mtuombee. Mtakatifu Luka, utuombee. Amina.