Chenga za Kwihara

Narekodi video ndani ya tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, walikokaa wapelelezi Livingstone na Stanley mwaka 1872. Mwanga ni hafifu. Nikipandisha ISO ya kamera hadi 6400, chenga za picha zinajaa ukutani. Programu huzipunguza kwa kulinganisha fremu zinazofuatana: kinachotulia huhesabiwa kweli, kinachochezacheza hufutwa. Nikizidisha, nyufa za udongo hulainika na uso wa mzee anayenisimulia hupoteza makunyanzi. Je, huo ni usafi au uongo? Kwangu ni uongo. Njia ya misafara iliyopita hapa Kwihara ilipitisha wapagazi na watumwa wengi ambao majina yao hayakuandikwa. Tumekwisha kufuta vya kutosha. Ongeza taa, shusha kasi ya shata hadi 1/50, kisha chenga zilizosalia ziache.